Siku Walipomuua Malembe

Wiki iliyopita lori la saruji liliteremka mtaani kwetu, dereva amekanyaga breki tangu juu hadi chini, na harufu ya breki zilizoungua ikaingia jikoni kupitia dirisha. Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaweka kisu, nikakaa, na mwanangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni vitunguu tu. Wenzangu wa rika langu mliokulia Kisangani mtanielewa: kuna harufu isiyokuja peke yake, inakuja na mji mzima. Ile ilikuja na Papa, baba yangu, na mjomba wangu Tonton Amisi, na gari tuliloliita Malembe.

Gari lenyewe lilikuwa na jina lake la kiwandani, jina refu la Ulaya lililopigwa kwa chuma cheupe puani mwake, lakini kwetu nani alihangaika nalo? Malembe, kwa Kilingala, ni polepole, na ndivyo lilivyokwenda. Lilikuwa gari la mapadri na madaktari wazee, la mahakimu waliostaafu, la wafanyabiashara wenye vitambi na tasbihi. Lilikuja kwa rangi nyeusi, ya kijivu, au buluu iliyopauka, basi. Lilibeba maharusi Jumamosi na maiti siku yoyote. Ukiliona barabarani ulijua ndani yake yumo mtu asiye na haraka, au mtu ambaye haraka yake imekwisha.

Papa alikuwa dereva wa ajensi iliyouza magari hayo, pale mtaa wa Makiso. Aliyatoa bandarini yaliposhushwa, akawapelekea wenyewe, na ajensi ilipokodiwa kwa harusi au mazishi ni yeye aliyeshika usukani. Hakuna mtu aliyeendesha taratibu kama yeye. Toleka, zile baiskeli za kubeba watu, zilimpita zikipiga kengele. Alisimama ili bata wavuke. Aliwasalimia watu kwa majina, mkono nje ya dirisha, na mara nyingine mazungumzo yalikwisha kabla gari halijampita mtu mwenyewe. Mwishowe watu wakampa jina la gari: Papa Malembe. Hakukasirika.

“Njia haikimbii,” alikuwa akisema. “Sasa miye nakimbia nini?”

Nyumbani tulikuwa wanne. Papa alitoka Yanonge, ukoo wa watu wa mto na nyavu. Mama, Zaina, alitoka katika moja ya zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifika na misafara ya biashara zamani za kale, na ndugu zake hawakupenda aolewe na Athanase wa Yanonge. Siku ya harusi hawakuja. Alikuja mmoja tu, mdogo wake Amisi, wakati huo bado kijana asiye na ndevu, akasimama mahali ambapo ukoo mzima ungesimama. Tangu hapo hakuondoka. Alilala katika chumba cha mbele, aliuza simu sokoni, na alinifundisha kupiga mluzi, jambo ambalo Mama alisema si la msichana. Mama alimpenda Tonton Amisi kwa namna ambayo hata mimi, mtoto, niliiona: alipomwekea chakula, alisubiri kwanza ale ndipo naye aanze.

Kila Jumatano Papa alinichukua shuleni kwa gari la ajensi. Nilikaa nyuma, kwenye ngozi iliyonukia maua ya mazishi, nikiangalia shingo yake. Jumatano moja, mbele ya ajensi, mkuu wake alifungua mlango wa mbele akaingia. Sote tulimwita Directeur. Alikuwa mtu mpole, mwenye leso ya kufuta jasho mkononi saa zote. Siku hiyo hakunisalimu. Nadhani hakuniona.

“Papa Athanase,” alisema, “magari inalala mule ndani tangu mvua ya kwanza. Vijana wanapita, wanacheka. Wanasema ni gari ya bapadri. Gari ya maiti.”

“Ni gari muzuri,” Papa akajibu.

“Muzuri, ndiyo. Lakini nani anainunua? Kule Ulaya wakubwa yetu wamekwisha kuelewa. Gari ile ile sasa iko inashindana, kwa matope, kwa mawe, inaruka! Watu wa kule walikuwa wanaicheka, leo wanaipigia mikono. Donc na siye hapa tunapashwa kuua Malembe.”

Papa akauliza, “Kuua ginsi gani?”

“Mbele ya watu wote. Kule Simi-Simi. Malembe akufe, mji mzima ione kwa macho.”

“Na njo miye umechagua? Vijana iko mingi.”

“Kama kijana anashinda, watasema ni kijana. Kama Papa Malembe anashinda, watasema ni gari.” Directeur akajipangusa shingo. “Magari yasipouzwa, ajensi inafungwa. Unajua.”

Niliona shingo ya Papa ikisimama wima kidogo.

“Bon,” akasema. “Miye nakubali.”

Naomba mnielewe jinsi mtoto alivyosikia maneno yale. Malembe alikuwa Papa. Mtu mpole mwenye leso alikuja, akasema Malembe auawe mbele ya watu wote, na Papa akajibu bon, sawa. Tena Simi-Simi! Nyumbani kwetu jina hilo halikutamkwa kwa sauti ya kawaida. Ulikuwa uwanja wa ndege wa zamani, na wakubwa walipoutaja walishusha sauti, kwa sababu ya ndege za askari zilizotua pale kabla sijazaliwa. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo. Nilijua tu kwamba ni mahali ambapo watu walipelekwa wasirudi.

Jioni nilimwambia Tonton Amisi, nikilia. Alicheka mpaka akakaa chini barazani.

“Feza, hakuna mutu anauawa! Wanaua jina tu.”

“Jina ya Papa?”

“Jina ya gari.”

“Lakini jina ni moja.”

Akaacha kucheka. Alinitazama, akajikuna kidevu. “Ee,” akasema. “Jina ni moja.” Kisha akanipigia mluzi wetu ili nicheke, na sikucheka.

Baada ya hapo kila kitu kilinithibitishia hofu yangu. Katika kioo cha duka la ajensi waliweka televisheni iliyoonyesha mashindano ya Ulaya tangu asubuhi hadi kufunga, na tulipotoka shuleni tulisongamana pale, pua kwenye kioo. Gari lililobeba maiti zetu lilikuwa linaruka juu ya vilima vya theluji, linatua, linaruka tena. Mara moja niliona moja likipinduka, likapinduka tena na tena kama kopo, na wavulana waliokuwa pembeni yangu wakashangilia. Kisha kwenye televisheni akatokea mwanamume mwenye kikombe cha kahawa, anatabasamu. Sikujua kama alikuwa ni yule aliyepinduka au mwingine.

Nyuma ya ajensi, uani, waliandaa gari la Papa. Injini mpya ilikuja ndani ya sanduku la mbao kwa boti kutoka Kinshasa. Walilipaka rangi nyeupe na mstari mwekundu, wakaandika namba ubavuni. Halafu wakang'oa viti. Siku hiyo nilifika na kukuta kiti changu cha nyuma kimetupwa kwenye majani, miguu juu, na ndani ya gari fundi anachomelea vyuma vinene, juu, ubavuni, vingine vikikatana mgongoni mwa dereva. Kilikuwa kizimba. Niliwahi kuona kuku wakipelekwa sokoni ndani ya kitu kama kile.

Papa alinishika bega, mwenye furaha. “Unaona hii chuma? Gari ikipinduka, inanilinda.”

Nilisikia neno moja tu: ikipinduka. Na niliona kwamba ndani yake palibaki nafasi ya mtu mmoja.

Alianza kwenda Simi-Simi kila Jumapili, akaacha misa. Mama mwenyewe hakuwa wa misa, lakini niliona akimwangalia alipotoka. Jumapili moja tulipanda toleka tukampelekea chakula, lituma, yaani ndizi za kusonga, na samaki wa kuchoma ndani ya sahani iliyofungwa kitambaa. Tulimsikia kabla hatujamwona. Uwanja ulikuwa mrefu, lami yake imepasuka, majani yametoka kwenye nyufa. Walikuwa wamepanga mapipa ya mafuta mwishoni pande zote mbili, naye alikuwa anakwenda, anazunguka mapipa, anarudi. Alipita karibu nasi. Mama aliinua mkono. Papa hakutuona. Nilikuwa nimezoea macho yake yakitafuta mtu wa kumsalimu. Siku ile yalikuwa yanaangalia kitu kimoja kilichokuwa mbele, na kile kitu hatukuwa sisi.

Aliposimama, harufu ya breki ilitoka kwenye magurudumu kama moshi wa nywele zilizoungua. Alishuka anacheka. Alikula akiwa amesimama.

“Papa Feza, kaa chini ukule,” Mama akamwambia.

“Nimesikia moyo yangu, Mama Feza. Miaka yote ile, nilikuwa sijui hata kama iko ndani.”

Mama alianza kufunga sahani, na samaki alikuwa bado nusu.

Siku ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na wingu halikuondoka. Lilikaa juu ya Simi-Simi, zito, rangi ya chungu kilichokaa sana motoni. Watu walikuja kwa miguu, kwa toleka, kwa pikipiki, wengine juu ya malori. Palikuwa na fanfare ya matarumbeta na wauza mishikaki, na Directeur na kipaza sauti chake. Waliokuja kushindana na Papa walikuwa wafanyabiashara vijana, na magari yao ya Kijapani yaliyoshushwa chini, miziki inalia ndani. Walipomwona Papa wakainama, wakacheka. “Papa Malembe, umeleta maiti?” mmoja aliuliza. Papa alitabasamu tu.

Alipoingia ndani na kujifunga ile mikanda ya kifuani, nilikimbia nikashika chuma cha kizimba kwa mikono miwili. Nilimwambia atoke. Nilimwambia wanataka kumuua, nimesikia mwenyewe. Watu walicheka. Papa hakucheka, lakini hakunisikiliza pia. Alikuwa kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Tonton Amisi ndiye aliyenibandua vidole, kidole kimoja kimoja, akanibeba mabegani ili nione.

Siwezi kuwaeleza mashindano yale kama mtu mzima, kwa sababu niliyaona kupitia vidole vyangu. Nakumbuka maji yakiruka kutoka kwenye madimbwi. Nakumbuka mabega ya Tonton yakitetemeka chini yangu kila gari jeupe lilipopita, na sauti yake, “Angalia! Angalia ginsi anaingia!” Karibu na mwisho, gari moja la wale vijana liliteleza kwenye mapipa ya mbali. Mapipa yaliruka, moja likaviringika njiani, na matope na mvuke na moshi vikapanda pamoja. Papa alikuwa nyuma yake. Aliingia mle ndani, na hakutoka.

Fanfare ilinyamaza. Hata wauza mishikaki waligeuka. Kisha lile gari jeupe likatoka upande mwingine wa moshi, ubavu umekwaruzwa, linakwenda kwa kasi zaidi kuliko lilivyoingia, na uwanja mzima ukapiga kelele. Directeur akapaza sauti kwenye kipaza sauti chake:

“Malembe amekufa! Leo Malembe amekufa!”

Na watu wakaitikia, maelfu ya watu, wanaruka, wanapiga makopo: “Malembe amekufa! Malembe amekufa!” Nilipiga ukelele ambao Mama aliusikia upande wa pili wa uwanja. Tonton alinitikisa, akanielekeza kwa kidole, akasema, “Feza, angalia, yule pale, Papa yule pale!” Ndiyo, nilimwona. Amesimama juu ya boneti, mikono hewani, kinywa wazi. Nilimwona vizuri kabisa, na nililia zaidi, kwa sababu mtu yule aliyekuwa juu ya boneti sikumjua.

Ningependa kusema hofu yangu iliishia hapo. Wiki zile Papa alikuwa mfalme wa Kisangani. Mchoraji alimchora kwenye ukuta wa ajensi, mkubwa kuliko mlango, mikono juu, na gari nyuma yake likiruka. Magari yalianza kuuzwa. Yalikuja sasa mekundu, ya manjano, na vijana waliyaendesha Makiso wakiwa wamefungua vioo, na wenye toleka walijifunza kutazama nyuma. Hakuna aliyesema tena malembe kwa kejeli. Papa mwenyewe aliendesha kwa namna nyingine. Hakusimama tena ili bata wavuke. Aliendelea kusalimia, lakini kwa honi.

Tonton Amisi naye alipata lake, Malembe kuukuu la kijivu lililokuwa la padri mmoja. Alilipaka mstari mwekundu kama ule wa Papa. Alikuwa amejifunza kuendesha kwa Papa zamani, mwendo wa polepole, mikono yote miwili. Sasa aliomba masomo mapya. Niliwasindikiza Simi-Simi mara nyingi, nikikaa nyuma na kushika kiti.

“Usishike breki ndani ya kona,” Papa alimwambia. “Shika mbele yake. Kisha acha gari iende. Usiiogope. Gari inasikia kama unaogopa.”

“Mbele yake, kisha niache iende,” Tonton alirudia, kama mtoto wa madrasa na herufi zake.

Papa alimpiga begani. “Njo vile!”

Alasiri moja ya mvua, wanaume wawili walikuja nyumbani na kuvua viatu mlangoni kabla hawajaambiwa karibu. Mama alikuwa anasonga lituma. Aliviangalia vile viatu, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Hawakuwa wamesema neno.

Ilikuwa kwenye njia ya Bangboka, ile iendayo uwanja mpya wa ndege, kwenye kona yenye miti. Tonton aliikuta toleka katikati ya njia, mama mmoja amepakiwa na ndizi zake. Aliikwepa. Toleka haikuguswa. Gari liliondoka njiani likaenda kwenye mti.

Alizikwa kesho yake asubuhi. Ndugu za Mama waliokataa kuja harusini walikuja wote, wakajaza ua. Papa alikaa kwenye mkeka pembeni, magoti yamekunjwa, mgeni katika matanga ya nyumbani kwake. Hapo ndipo alipoletwa Saidi, rafiki wa Tonton aliyekuwa naye garini, mkono wake umefungwa shingoni. Wazee walimwomba aeleze. Hakutaka. Waliomba tena.

“Nilimwambia, Amisi, kuna mvua, punguza,” Saidi alisema, macho chini. “Akacheka. Akaniambia, ‘Usiogope. Angalia ginsi Papa Malembe anafanyaka.’ Njo tukaingia kwa kona.”

Hakuna aliyegeuka kumtazama Papa. Ingekuwa heri wangegeuka. Nilikuwa nimekaa kwenye paja la Mama, na nilihisi mwili wake ukiwa mgumu nyuma yangu kama ukuta. Tangu siku ile aliendelea kumpikia Papa na kumpa maji ya kuoga, lakini maneno aliyapeleka kupitia kwangu. “Feza, ambia Papa yako chakula kimeiva.” Na Papa alikuwa ameketi pale pale.

Kilipopita kilio Papa alinishika mkono akaenda nami ajensi. Directeur alisimama, akatoa pole ya kweli, niliyaona machozi yake. Papa hakukaa.

“Nakuomba kitu moja. Futa sura yangu kwa ukuta.”

“Papa Athanase, ukuta ni ya kampuni.” Directeur alizungusha leso yake. “Na pia, angalia inje.”

Nje, mbele ya kioo, vijana walikuwa wamesimama wengi kuliko siku zote.

“Tangu accident ile wanakuya kila siku,” alisema, na hakujisifu, alisema kama mtu ambaye naye haelewi. “Wanauliza: ni gari ginsi ile ya Amisi? Ilikuwa inakimbia na vitesse gani? Miye nilifikiri itatuharibia. Alors, kumbe inauza.” Kisha, kwa sauti ya chini, “Wakubwa wanataka mashindano ingine. Na weye.”

Papa aliweka funguo za ajensi juu ya meza. Hakuzitupa, aliziweka, akazinyoosha kwa kidole. Tulitoka. Tangu hapo, kwenda sokoni, tulizunguka njia ndefu ili tusipite chini ya ule ukuta. Mvua ilimla yule mtu wa rangi taratibu, miguu kwanza. Papa alirudi kwenye kazi ya ukoo wake, akisafirisha samaki wa kukaushwa kutoka Yanonge kwa pirogi, ule mtumbwi mrefu wa mto, na hakugusa usukani.

Asubuhi ya hitima ya arobaini, kabla wageni hawajaja, Mama alikuja akasimama mbele yake, amejifunga mtandio mweupe.

“Athanase,” alisema. Lilikuwa neno la kwanza, na lilikuwa jina lake tupu. “Unipeleke kule. Nataka kuona ile kona.”

Daktari mzee, jirani yetu, alikuwa bado na Malembe lake la zamani, jeusi, zito kama kabati. Alitupa funguo bila kuuliza. Mama alikaa mbele. Mimi nyuma. Papa alishika usukani kwa mikono miwili, na tukaenda kama zamani kabisa; toleka zilitupita. Nilianza kufikiri kwamba amerudi, Papa wangu wa bata. Baada ya nyumba za mwisho njia ikanyooka kati ya migomba, na nyuma yetu nikasikia honi.

Lilikuwa jipya, jekundu, vioo wazi. Lilikuja ubavuni mwetu likapunguza mwendo ili lilingane nasi. Kijana aliyekuwa ndani alitutazama, akatutazama tena, na uso wake ukafunguka kwa furaha.

“Ni Papa Malembe! Champion! Papa, tushindane! Kidogo tu!”

Alikanyaga mafuta, gari lake likanguruma, likaruka mbele kidogo na kurudi. Papa alitazama mbele. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, na shingo yake nilikuwa nimeisoma tangu sijaweza kusoma kitu kingine. Ilisimama wima. Na chini ya miguu yangu injini ya daktari ikaanza kupanda, kwanza kidogo, kama mtu anayesafisha koo, kisha zaidi. Migomba ilianza kupita upesi. Yule kijana akashangilia.

Mama hakupiga kelele. Hakushika kitu. Alikunja mikono juu ya paja lake, akatazama njia, akasema kama anayezungumza na mtu sebuleni:

“Kama unataka, kimbia. Miye na mutoto wako tuko ndani.”

Gari liliendelea kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Ndipo sauti ikaanza kushuka. Jekundu likatuacha, likapiga honi, likatokomea. Papa alisogeza gari kwenye majani, karibu na mama aliyekuwa anauza makaa, akazima. Alikaa mikono juu ya usukani, anapumua kwa kinywa.

“Ilipanda yenyewe, Zaina,” alisema. “Sikutaka. Ilipanda yenyewe.”

Mama alifungua mlango wake akashuka. Alinyoosha mtandio. “Hapana,” akasema.

Papa aliangalia mguu wake wa kulia muda mrefu.

“Hapana,” akakubali. “Ni miye.”

Alichomoa funguo, akampa Mama, ambaye hakujua kuendesha, naye akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Tulimwomba yule mama wa makaa atutunzie gari, tukaenda kwa miguu kuelekea ile kona, kwenye ukingo wa majani uliolowa. Papa alitembea upande wa barabara, mimi katikati, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake. Kila iliposikika injini inakuja nyuma yetu, alinikaza mpaka vidole vikaniuma, wala hakulegeza mpaka gari lilipotupita na sauti yake ikapotea kabisa. Sikulalamika. Nilijua, ingawa nilikuwa mdogo, kwamba kati yetu wawili si mimi niliyekuwa nashikiliwa nisikimbie.